Nyumba ya Majani, Miliki ya Vizazi

Mtu akipanda kutoka Moshi mjini kwenda Old Moshi, Kilema au Marangu kutafuta nyumba kongwe ya wenyeji, atahangaika. Makanisa ya mawe ya tangu enzi za Wajerumani atayaona. Nyumba za bati zilizojengwa kwa fedha za kahawa ataziona nyingi. Lakini nyumba aliyoishi Mchagga kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1912, yenyewe kwa nguzo na majani yake, hataikuta. Ilioza zamani, ikasimamishwa nyingine palepale, nayo ikaoza, ikafuata nyingine. Pamoja na hayo, mwenyeji atampeleka hadi mahali ilipokuwa. Atamtajia aliyezaliwa humo, baba yake na babu yake, na atamwonyesha makaburi yao yalivyopangana chini ya migomba.

Hapo ndipo ufundi wa mlima huu wa Kilimanjaro unapoanza kustaajabisha. Watu waliojenga kwa miti, fito na majani, vitu visivyohimili mvua kwa miaka mingi, walishika kiwanja kilekile kizazi baada ya kizazi. Walivuka vita vya mamangi, yaani watawala wa Kichagga, utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, bei ya kahawa ilipopanda na ilipoanguka. Kwao kumiliki nyumba kulikuwa kazi ya mikono isiyokwisha, na kila hatua ya kazi hiyo ilidai ustadi wake.

Nyumba ya asili ya upande wa Vunjo na Rombo ni msonge: paa linaloanzia kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi, hata mtu aliye nje haoni ukuta. Kazi yake huanza mbali na kiwanja. Lazima zipatikane nguzo za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, fito changa zinazokubali kupindwa bila kukatika, na kamba zinazochunwa kwenye magome ya mgomba na kukaushwa kiasi. Zikikauka mno hukatika. Zikiwa mbichi mno hulegea baada ya wiki chache, na nyumba huanza kucheza. Fundi huipima kamba kwa vidole, akiivuta na kuisokota. Hana kipimo kingine, na hakihitaji.

Vyuma vya kazi vilikuwa na safari yake. Chuma kilitoka Ugweno, huko Upare wa Kaskazini, na mlimani kwenyewe wahunzi wa Mamba ndio waliosifika kwa kukifua. Panga na shoka vilikuwa mali ya kutunzwa, maana kazi yote ya nguzo ilitegemea makali yake.

Nguzo zikishasimama, fito huinamishwa kuelekea kileleni na kufungwa, kisha nyingine huzungushwa kwa ulalo, mviringo juu ya mviringo, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia. Nyumba ikiwa bado mifupa mitupu hufanana na tenga kubwa lililofudikizwa. Hatua hii ndiyo inayotenganisha fundi na mwanafunzi. Mviringo mmoja ukipinda, paa lote litakuwa na tumbo upande mmoja, na hapo maji yatatuama. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ambako vihamba vingi, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, hupata kati ya milimita 1,000 na 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika hukaza kuanzia Machi hadi Mei, tumbo kwenye paa ni hukumu. Ndiyo maana mwezekaji hukaa mbali, hutazama, hurudi, hufungua fundo alilokwisha kulikaza na kulifunga upya. Mwenye haraka hachaguliwi kuezeka.

Kuezeka huanzia chini. Safu ya kwanza ya nyasi au ya majani makavu ya mgomba hufungwa kwenye mviringo wa chini, safu ya pili huifunika nusu, ya tatu huifunika ya pili, mpaka kileleni. Tone la mvua linaloanguka juu hupokewa na unyasi, likakabidhiwa unyasi wa chini yake, likashuka hadi ardhini bila kupata njia ya kuingia. Kinachozuia maji ni mwinamo na unene. Mwinamo ukiwa mkali, nyasi chache zinatosha. Ukilala kidogo, hata mzigo wa nyasi wa kijiji kizima hautaokoa. Wanaume walisimamisha miti na kufunga. Wanawake ndio waliobeba majani, mara nyingi kutoka tambarare ya chini ambako nyasi ndefu zilikuwapo, wakiupanda mlima na mizigo kichwani. Mwenye nyumba alipika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi iliyotiwa ukali kwa gome la msesewe, na waliokuja kusaidia walijua kuwa siku yao nao itafika.

Ndani, duara liligawanywa kwa akili. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi, upande wa pili mama na watoto, na kati yao jiko la mafiga matatu. Juu ya jiko kulikuwa na dari ya miti ya kuhifadhia chakula na kukaushia kuni. Bomba la moshi halikuwapo, na hilo wageni wengi waliliona ni upungufu. Wajenzi walijua sababu yake. Moshi ulipanda, ukakausha ulezi na ndizi darini, ukapenya polepole katikati ya nyasi na kuacha masizi. Masizi hayo yaliwafukuza wadudu na kuzifanya fito ziwe nyeusi na ngumu. Moto uliopikia chakula cha jioni ndio huohuo uliotunza paa. Nyumba isiyowashwa moto ilianza kuoza kutoka juu, hivyo nyumba isiyo na mtu haikuchukua muda kuanguka.

Ng'ombe nao walikuwa sehemu ya jengo. Walifungwa ndani kwa sababu mlimani hapakuwa na malisho ya kuwaachia. Kila shina la nyasi waliletewa. Samadi yao ilizolewa kila siku na kupelekwa kwenye migomba. Migomba ilitoa ndizi kwa watu, na majani na vigogo vya maji kwa ng'ombe. Hivyo nyumba ilikuwa kitovu cha kiwanda kilichogeuza nyasi za tambarare kuwa rutuba ya mlimani. Shamba linalolimwa miaka mia mbili bila kupumzishwa linapaswa kuchoka; kihamba hakikuchoka, kwa sababu kila asubuhi mtu alikilisha.

Kihamba hicho ndicho hasa kilichomilikiwa. Ni bustani ya kudumu inayoizunguka nyumba, kwa kawaida kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya bahari: juu kabisa miti mirefu kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa viazi vikuu, magimbi na maharage. Mtafiti Andreas Hemp alihesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe bila kupandwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, juu ya Moshi, kuwa mojawapo ya mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Ardhi ya chini, ile ya mahindi na ulezi, ilikuwa na utaratibu mwingine: mangi aliweza kuigawa na kuigawa upya. Kihamba hakikuguswa namna hiyo. Palipo na migomba, nyumba na moto, palikuwa na mwenyewe.

Lakini mwenyewe aliuthibitishaje umiliki wake bila karatasi? Kwa mmea. Kandokando ya kihamba yalipandwa masale, mimea yenye majani marefu ya kijani yanayong'aa. Uchaguzi huo ni wa kifundi kabisa. Isale hukatwa kipande, hukitwa ardhini, likashika. Halitaki kumwagiliwa, halipendwi sana na mifugo, na likifyekwa huchipua tena kwenye kisiki. Mtu mwenye nia mbaya akihamisha jiwe la mpaka usiku, asubuhi hakuna ushahidi. Akijaribu kuhamisha mstari wa masale, ardhi mpya itamsaliti, na visiki vya zamani vitachipua mbele ya majirani. Jani lile lile lilibeba pia amani: aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa lilikuwa jambo zito. Hivyo mpaka wa shamba na maombi ya suluhu vilitoka kwenye mmea mmoja, na ugomvi wa mpaka ulianza tayari ukiwa na dawa yake karibu.

Ushahidi wa pili ulikuwa maji. Mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kutoka kwenye korongo la juu na kuletwa kilomita kadhaa kupitia mabega ya vilima, ulipita katika vihamba kwa zamu. Waliouchimba hawakuwa na kifaa cha kupimia mwinamo. Waliyaacha maji yenyewe yawaelekeze, wakichimba kidogo, wakiyaruhusu, wakirekebisha. Maji yakienda kasi yangekula kingo. Yakilala yangejaa matope. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliosimamia zamu zake, na kila mwaka watu walitoka kuuzibua. Mtu aliyetambuliwa katika zamu ya maji ametambuliwa pia kuwa ana kihamba. Asiyefika kwenye kazi ya mfongo alipoteza maji, na jina lake kinywani mwa watu likaanza kulegea.

Ushahidi wa tatu ulikuwa wafu. Zamani wazee wenye watoto walizikwa ndani ya nyumba zao, na baadaye mifupa ilifukuliwa kwa heshima na kuwekwa kwenye masale ya kihambani. Ukristo ulibadilisha desturi hiyo, makaburi yakatoka nje na kupata saruji na misalaba, lakini hayakutoka kihambani. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu, aliyeandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu kilichochapishwa mwaka 1947, aliwaweka walio hai na waliotangulia ndani ya jalada moja. Mkazi wa mlimani haoni ajabu katika hilo. Kihamba chenye makaburi ya babu hakiuzwi kwa mgeni kirahisi, kwa kuwa muuzaji anauza na ndugu zake pia.

Basi urithi ukafuata mpangilio. Mtoto wa kwanza wa kiume alitafutiwa kihamba alipooa. Kitinda mimba alibaki na wazazi, akawatunza, akarithi nyumba yenyewe na kiunga chake. Wa katikati walihangaikiwa kadiri ardhi ilivyoruhusu, na ilipoacha kuruhusu waliteremka mlima kwenda kutafuta. Biashara nyingi za Wachagga mijini zilianza na kijana wa katikati ambaye kihamba hakikumtosha.

Walipokuja Wajerumani, umiliki huu ulikutana na umiliki wa aina nyingine. Amri ya kifalme ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola, na waliokuwa na madaraka ya kuamua kama ardhi ina mwenyewe hawakujua kusoma masale. Mangi Meli wa Old Moshi aliyewapinga alinyongwa pamoja na viongozi wengine Machi 1900. Chini ya ukanda wa vihamba ukazuka ukanda wa mashamba ya walowezi, yenye hati, ramani na mipaka iliyochorwa kwa rula. Waingereza waliporithi nchi, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua kwamba Mwafrika anayekaa kwenye ardhi kwa mujibu wa mila ana haki ya kukaa. Haki hiyo ilikubalika, lakini mwenyewe hakuandikiwa hati yoyote, na jirani zao Wameru walijifunza thamani yake mwaka 1951 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki kupisha walowezi. Japhet Kirilo aliibeba kesi yao hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Walisikilizwa, ardhi haikurudi wakati ule.

Hapa pafaa kutazama kidogo mbali. Mwaka 1838, miaka kumi na mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa katika jimbo la New York, mtu mweusi huru aliyeitwa James Weeks alinunua kiwanja huko Brooklyn. Wengine walimfuata, na kitongoji chao kikaitwa Weeksville. Kwao nyumba ilikuwa zaidi ya paa: katiba ya New York ya mwaka 1821 ilimtaka mtu mweusi awe na mali isiyohamishika ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo weupe hawakuwekewa. Hati ya kiwanja ilikuwa kadi ya uraia. Mji ulipopanuka ulikimeza kitongoji, na jina lake likasahaulika kwa watu wengi, mpaka mwaka 1968 nyumba chache za mbao zilipotambuliwa kando ya iliyokuwa barabara ya Hunterfly, zikahifadhiwa. Kule, mbao zilibaki na hati zilibaki, lakini jamii iliyozijenga ilikuwa imetawanyika. Mlimani Kilimanjaro ilikuwa kinyume: nyumba zilioza, hati hazikuwapo, na watu walibaki. Mahali pote pawili mtu mweusi alikuwa akijibu swali moja la watawala, kwamba nani amekuruhusu kukaa hapa. Wa Brooklyn alijibu kwa karatasi. Wa Kilema alijibu kwa kuzibua mfongo na kuezeka tena.

Tukirudi mlimani, kahawa ndiyo iliyobadilisha nyumba. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Kilema mwaka 1890 waliipanda katika misheni yao, na polepole ikaingia chini ya migomba ya Wachagga, mahali penye kivuli na samadi tayari. Walowezi hawakulifurahia jambo hilo. Wakulima walijibu kwa kujikusanya: mwaka 1925 waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933, baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, mahali pake pakachukuliwa na KNCU, yaani Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro. Jengo la KNCU pale Moshi mjini lilisimama kwa kahawa ya vihamba. Na mkahawa, kama mgomba, ni mmea wa kudumu. Kila mche uliopandwa ulikuwa sauti nyingine inayosema mwenyewe yupo.

Fedha ya kwanza ya kahawa mara nyingi ilikwenda kwenye bati, lililofika kwa reli na kubebwa kupanda mlima. Bati ni karatasi ya chuma iliyonyooka, nayo inataka paa lililonyooka. Haikubali kilele cha msonge bila kukatwakatwa na kupotea. Hivyo bati liliidai nyumba ya pembe nne, nyumba ikadai kuta, na kuta zikawadai waashi. Ndipo fundi mwashi alipochukua nafasi ya mfunga fito.

Na ufundi wake nao unastahili kutazamwa taratibu. Mlimani hakuna kiwanja sawa. Mwashi huanza kwa kuukata mteremko upande wa juu na kuujaza upande wa chini, akijua kwamba udongo uliojazwa utashuka na uliokatwa hautashuka, na nyumba itapasuka katikati asipoulaza msingi wote kwenye ardhi ngumu. Mawe ya volkano huokotwa au huvunjwa pale pale. Ni mepesi kuliko yanavyoonekana na yana matundu yanayoshika chokaa au saruji vizuri. Kila jiwe lina uso wake bora, na mwashi huligeuza mkononi mara mbili tatu kabla ya kulilaza. Kona hujengwa kwanza, kwa mawe marefu yanayopishana, kisha kamba huvutwa kati ya kona na kona, na timazi hushushwa. Juu hufungwa kenchi za mbao. Kwa walioweza, mbao za mkulo, zenye harufu kali na zisizopendwa na wadudu. Nyuma ya nyumba huchimbwa mtaro wa kupokea maji ya mlimani, maana nyumba ya mawe inayokaa kwenye unyevu hupasuka lipu na kuota ukungu. Nyumba za namna hii zilizojengwa vizuri bado zinakaliwa, sakafu zake zimenyooka.

Lakini mabadiliko hayo yalivunja mnyororo fulani. Ng'ombe walihamia banda lao. Jiko lilitoka nje, na katika maboma mengi msonge wa zamani, au kibanda kilichochukua nafasi yake, ukabaki kuwa jiko. Moshi haukulitunza tena paa, na paa halikumhitaji mtu. Kwa mara ya kwanza nyumba ya Mchagga iliweza kusimama bila kukaliwa. Jiwe na bati vilimpa mwenyewe ruhusa ya kuondoka.

Hapa lazima pia isemwe kwamba mfumo wa zamani haukuwa haki kwa wote. Mwanamke aliyebeba nyasi za paa, aliyezoa samadi na kupalilia kahawa, hakukirithi kihamba alichokilisha. Binti alitarajiwa kuolewa kwingine. Mjane alikaa kwa jina la mwanawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu, na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Utekelezaji wake ndio kazi ngumu, kwa sababu ardhi yenyewe imekuwa ndogo. Watafiti waliopima vihamba miaka ya 1980 walipata wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, na tangu hapo vimegawanywa tena na tena. Mwenye robo ekari mwenye watoto watano hana cha kugawa isipokuwa mahali pa kaburi.

Karatasi za walowezi zilikwendaje? Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilizigeuza hati zote za umiliki kamili kuwa za kupangishwa na serikali, na muongo mmoja baadaye mashamba mengi ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa. Umiliki ulioonekana imara kuliko wote, wenye mihuri na ramani, uliishi kwa muda mfupi kuliko ule wa masale. Nalisema hili bila ushabiki: Serikali haikuyaonea masale huruma, bali ilikuta kwamba aliyekaa ndani yake hang'oleki bila vurugu, na kila utawala uliopita ulilikuta hilohilo.

Leo kila Desemba barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya wanaorudi Moshi. Hurudi kwenye nyumba walizojenga vihambani mwa baba zao, nyingine kubwa kuliko wanazopanga mjini, vigae vya rangi juu, madirisha ya alumini, geti la chuma mahali pa njia ya masale. Mbuzi huchinjwa, makaburi husafishwa, watoto waliozaliwa Sinza na Mbezi jijini hupelekwa kuonyeshwa mpaka. Januari nyumba hufungwa, na kijana wa kulinda hubaki na funguo. Wapo wanaolicheka jambo hili: kujenga jumba la kukaa wiki mbili. Mimi naliona kuwa ni silika ya zamani inayotafuta mwili mpya. Mtu anajua kwamba asipojenga pale atakuwa amejiondoa katika orodha ya ukoo. Anachosahau ni kwamba nyumba yenyewe haikuwa sehemu ngumu ya ufundi huu. Sehemu ngumu ilikuwa ng'ombe kulishwa, mfongo kuzibuliwa, mstari wa masale kutengenezwa palipoingia pengo. Nyumba ya bati hustahimili kuachwa. Kihamba hakistahimili, na migomba ya wengi waliohama imekwisha kukonda.

Marangu kuna makumbusho yenye msonge uliojengwa kwa mtindo wa zamani, ambako mgeni anaweza kuingia, akainama mlangoni, akaona pa ng'ombe na pa watu. Inafaa kuwapo. Kinachoniridhisha zaidi ni kwamba ili uendelee kuwapo, lazima awepo mtu wa kuuezeka majani yakichakaa, naye lazima amfundishe mwingine. Kuuhifadhi msonge ni kuhifadhi mikono, na fedha zozote za urithi zitakazotengwa kwa ajili yake zianzie kwa mwezekaji.

Na kwa wale wanaotaka hatimiliki ya kimila, utaratibu wenyewe una funzo. Wapimaji wa kijiji wanapofika kuandika kihamba, hawaanzi na vyombo vyao. Huwaita majirani wa pande zote washuhudie mpaka ulipo, na majirani hao hufuata masale. Yule aliyeishi pale na kuyatunza hutangulia, na wengine wakamfuata. Yule aliyeondoka miaka thelathini iliyopita, akaacha jumba na funguo kwa mlinzi, hutembea nyuma yao, akingoja jirani amwonyeshe shamba lake linapoishia.